Ukurasa wa Krastan Mwashi

Lefterka Vutova hakuwa mtu wa kugombana na wafu, lakini Krastan mwashi alimtia majaribuni.

Krastan alikuwa amekufa mwaka uliopita, mwezi wa tatu, na karatasi ya msiba yenye picha yake ya kitambulisho ilibandikwa kwenye kila mlango unaojiheshimu pale mjini Lokvata. Siku ya arobaini ikabandikwa karatasi ya pili, nusu mwaka ikabandikwa ya tatu, na chini ya kila moja maneno yakawa yale yale: mume mwema, baba mpenzi, kutoka kwa mke mwenye majonzi, Gergina, na mwana, Velichko. Kwenye karatasi za msiba hakuna anayebishana na marehemu. Mvua inanyesha, gundi inaachia, yamekwisha. Taabu ilianza kwenye tovuti.

Tovuti hiyo iliitwa Nyumba kwa Nyumba, na mlinzi wake alikuwa Lefterka, msimamizi wa jumba la kusomea la mji, mjane wa miaka sitini mwenye kikohozi cha sigara na ulimi mkali. Mpwa wake aliyehamia Stuttgart ndiye aliyeitengeneza, akamwachia shangazi yake mzigo, kama wafanyavyo wapwa. Kila nyumba ya mji ilikuwa na ukurasa wake: nani aliijenga, nani alizaliwa humo, mti gani ulikatwa na nani akamnunia nani kwa ajili ya mti huo. Mtu yeyote aliweza kuandika, kuongeza na kufuta, na hakuna aliyemwuliza jina.

Watu wa huku wana sababu ya kutaka iwe hivyo. Enzi zile za chama cha kikomunisti kila neno lilikuwa na faili, na mpaka leo ukimwuliza mzee jina lake mbele ya kompyuta anaondoa mikono kwenye meza. Lakini wana sababu ya kuogopa pia. Babake Lefterka alifukuzwa kazi ya ualimu kwa barua moja tu iliyokuja bila jina, akamaliza maisha yake akipima saruji ghalani. Kwa hiyo mama huyu alizijua pande zote mbili za kisu, na hakuna upande aliousahau.

Na kisha kulikuwa na habari ya Snezha, msusi wa barabara ya kanisani. Mhuni fulani aliandika kwenye ukurasa wa nyumba yake namba ya simu ya binti huyo, na kando ya namba akaweka bei. Lefterka alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya nyongo, akaja kuyaona maneno yale wakati mji mzima umeshayasoma na wanaume wa ovyo wameshapiga simu. Alimfungia mhuni yule saa ile ile, lakini Snezha alishafunga saluni akaenda zake Plovdiv, na hakurudi. Ndipo mpwa akampa Lefterka ufunguo wa ndani: kila anayeandika bila jina, mlinzi peke yake aweze kuona namba ya mtandao wa nyumba aliyoandikia. Lefterka akajiwekea nadhiri. Atatazama, atafungia wahuni, lakini mtu hatamtaja, hata aletewe polisi. Nadhiri hiyo aliishika miaka mingi na alijivunia, tena alijivunia kupita kiasi.

Ukurasa wa nyumba ya Krastan aliuandika Velichko mwenyewe baada ya maziko. Aliandika kwamba babake alijenga nusu ya mabomba ya moshi ya mji huu, kwamba hakuna jirani aliyekosa msaada wake, kwamba alimpenda mkewe kuliko mboni ya jicho lake. Ulikaa hivyo kiangazi chote. Vuli ilipoingia ukaongezeka mstari mmoja, bila jina:

Mwezi wa saba, katika joto la kiangazi, mkewe alikuwa anavaa mikono mirefu.

Hapakuwa na tusi wala lawama. Mstari ukafutwa kesho yake. Baada ya wiki ukaja mwingine: Kufuli la chumba cha chini lilikuwa upande wa nje. Huo nao ukafutwa. Ukaja wa tatu: Daktari wa meno aliambiwa ni ngazi.

Lefterka aliyakodolea macho maneno hayo, akavuta sigara mbili juu yake. Uchafu aliujua vizuri. Uchafu kwa kawaida huja na matusi na herufi kubwa, na aliyeandika hawezi kukaa bila kurudi kujisifu. Mistari hii ilikuwa mitulivu mno. Hakuirudisha na hakumfungia mwandishi wake, akaiacha ifutwe na iandikwe, ifutwe na iandikwe, msimu mzima wa baridi. Alijiambia anapima jambo. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Mwezi wa pili Velichko aliingia pale jumbani na matope yake. Alikuwa fundi wa madirisha, mwanamume mkubwa wa arobaini na kitu, mwenye magari mawili yaliyoandikwa jina lake ubavuni.

"Futa viatu," Lefterka akamwambia. "Sakafu imepigwa deki sasa hivi."

"Shangazi Lefterka, nataka jina."

"Jina la nani?"

"Usinizungushe. Kuna mtu anamchafua baba yangu kaburini. Mwaka wake unatimia karibuni, padri nimeshamwambia, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka nimeshaagiza, na dukani watu wananitazama kama nimevaa suruali kinyumenyume."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai. Mpwa wako alisema mbele za watu kwamba wewe unaona."

"Naona namba. Watu siwaoni. Na hata ningewaona, kusema si kazi yangu."

"Kazi yako ni nini basi, kufuga wahuni?"

"Kulinda mlango."

"Mlango gani usio na kitasa?" Akaegemea meza yake. "Lilipokuwa la Snezha ulimfungia yule mshenzi siku ile ile. Baba yangu siyo mtu?"

"Snezha alikuwa hai, ilimuuma."

"Na aliyekufa atajitetea vipi? Niambie wewe uliyesoma vitabu vyote hivi."

Lilikuwa swali la haki. Velichko akasema Jumatatu ataleta hoja mbele ya kamati ya jumba: kila anayeandika aweke jina na kitambulisho, ama tovuti ifungwe. "Na huyo mtu nikimjua," akasema, "nakuapia, Shangazi, hatakaa tena mji huu. Nitamtoa na magodoro yake."

Sasa, asubuhi ile ile Lefterka alikuwa ametazama namba. Namba ya mtandao ni kama mita ya umeme. Nyumba moja ina moja, na kila simu na kila kompyuta ya humo ndani huhesabiwa hapo. Namba iliyoandika mistari na namba iliyoifuta ilikuwa moja, ile ya nyumba ya Velichko. Velichko alikuwa anafuta bila jina, huyo huyo anayedai majina, na aliyekuwa anaandika alikuwa chini ya paa lake. Lefterka akamfikiria Denka, mkewe Velichko, kwa sababu Denka na baba mkwe hawakuiva chungu kimoja. Gergina mjane, aliyekaa nao nyumba moja, hakumjia hata akilini. Gergina huyo kila Jumamosi ya wafu alikuwa makaburini na mshumaa wake, kitambaa cheusi, mdomo umefungwa.

Lefterka alikuwa amechoka, amechomwa na lile la Snezha, na alitaka mtu huyu atoke na matope yake. Tena alitaka kidogo, tuseme kweli, kumwonyesha kwamba anajua asichokijua yeye.

"Usihangaike na mji mzima, mwanangu," akamwambia. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Velichko akavaa kofia, akatoka bila kuaga. Na Lefterka, Mungu amsamehe, akaona amemkomesha. Jamani, mtu anaweza kutunza siri za mji miaka na miaka, asitetemeke mbele ya polisi, kisha akaja kuiuza siri kwa methali. Alikuja kung'amua jioni akimenya viazi, kisu kikasimama mkononi, akasema peke yake jikoni, "Lefterka, umefanya nini?"

Mji wetu hauhitaji tovuti kupata habari. Kufikia Alhamisi foleni ya mkate ilishajua kwamba Velichko amemkalisha mkewe mezani, akamwapisha kwa uhai wa mtoto wao, mwanamke akaapa na mume hakuamini. Ijumaa Denka alionekana kituoni na sanduku na mtoto, anakwenda Troyan kwa mama yake. Velichko aling'oa kile kidude cha intaneti ukutani. Mistari ikakoma. Waliopita walisema nyumba ile ina taa moja tu inayowaka.

Ikaja Jumapili ya Kusameheana, ile ya kabla ya kufunga, ambapo mdogo huchukua halua akaenda kwa mkubwa wake, akambusu mkono na kumwomba radhi za mwaka mzima. Lefterka alishanunua halua, akaizungushia karatasi, akashindwa kutoka. Angeanzia mlango gani? Alikuwa bado anavaa viatu na kuvivua mlango ulipogongwa, akafungua akamkuta Gergina, mwenye miaka yake sabini na zaidi, pumzi imemwishia kwa ngazi.

"Dada Gergina, mimi ndiye wa kuja kwako."

"Ungekuja kufanya nini? Velichko anakunywa, na mimi sifungui mlango." Akaketi na koti lake. Lefterka akaweka kahawa kwenye moto, na kahawa ikafurika bila yeye kuiona.

"Ni mimi," Gergina akasema.

Lefterka hakuuliza ni yeye kwa lipi.

"Kompyuta ulitufundisha wewe, sisi wazee, mle jumbani. Ukasema, bonyezeni msiogope, hapa hamna anayewauliza jina."

"Nilisema."

"Mimi nikakuamini."

Hakusema kwa hasira, na Lefterka angelipa chochote ili iwe kwa hasira. Alisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi, aibu imempanda mpaka masikioni.

"Unajua karatasi za msiba nabandika mwenyewe?" Gergina akaendelea. "Ndiyo heshima ya mke, wanasema. Gundi napaka kwa mikono hii. Jina langu liko kwenye kila mlango wa mji huu, chini ya maneno nisiyoyasema. Nikataka pawe na mahali pamoja maneno yawe yangu, na jina lipumzike."

"Kwa nini hukumwambia mtu akiwa hai?"

"Nani? Wewe? Ulikuwa unaniona sokoni kila Jumatano."

Ilikuwa kweli, Lefterka alimwona kila Jumatano, na hakuwahi kumwuliza kitu kingine ila bei ya pilipili.

"Denka hajui lolote," Gergina akasema. "Ananipigia simu analia, ananiuliza, Mama, nani ananichukia hivi? Na mimi nimeshika simu, kimya. Kukaa kimya nimezoea, Lefterka, tena mimi ni bingwa. Hili la Denka siliwezi."

"Kesho kwenye kamati nitalimaliza mimi. Nitasema namba inadanganya, kwamba jirani anaweza kujiunga na intaneti yenu akaandika. Wewe usije."

"Inawezekana hivyo?"

"Inawezekana. Ila safari hii sivyo."

"Basi ni uongo."

"Ni uongo wa kukulinda."

"Nimelindwa sana maishani," Gergina akasema, akanyanyuka, akafunga kitambaa chake kidevuni. Lefterka akaushika mkono wake, akaubusu, akasema nisamehe, dada, kwa yote. Siku ile jibu ni moja tu, umesamehewa, na kila mtoto analijua. Gergina hakulitoa. Aliutazama mkono wake kidogo, akasema, "Tutaona," kisha akashuka ngazi moja moja.

Jumatatu ukumbi ulijaa kuliko siku ya uchaguzi. Mwenyekiti alikuwa Docho, mfamasia mstaafu, mtu mpole anayechukia makelele. Alisoma hoja ya Velichko: hakuna kuandika bila jina. Mmoja akapaza sauti kwamba afadhali, asije akatokea Snezha mwingine. Mwingine, kijana wa machimboni, akasema yeye aliandika juu ya vumbi linaloingia kisimani, na siku atakayolazimishwa kuweka jina atakuwa hana kazi kabla ya chakula cha mchana.

"Basi usiandike," mtu akamjibu.

"Basi kunywa vumbi," kijana akasema. Watu wakacheka, Docho akagonga meza.

Lefterka akasimama. Kikohozi kikamshika kabla ya neno la kwanza.

"Mnasema mlango hauna kitasa," akaanza. "Kitasa kilikuwepo, nilikuwa nacho mimi. Wiki iliyopita nilimfungulia mtu asiyestahili. Sikutaja jina, lakini nilisema neno, na neno lile limevunja nyumba ya watu. Mpwa wangu amenibadilishia nywila leo, ufunguo sina tena. Ninachowaomba ni hiki. Namba zisionwe na mtu mmoja peke yake, waone wawili, wakubaliane, na iwe kwa ajili ya wahuni tu. Zikitimiza mwezi zifutwe, asije akapatikana mjinga mwingine kama mimi. Na mtu akiandika bila jina habari ya mtu, aliye hai au aliyekufa, maneno yasubiri kwanza, wawili wayasome ndipo yatoke. Matusi hayatatoka. Yale mengine tutabeba wenyewe."

"Yale mengine yapi?" Velichko alikuwa amesimama pia, macho mekundu. "Maneno mengi, Shangazi. Mimi nimekuuliza moja. Ni Denka, au si Denka?"

"Sisemi."

"Nusu umeshasema. Malizia."

Hapo ndipo ulipo mtego, na Lefterka aliuona. Akinyamaza, Denka anabaki Troyan na kosa lisilo lake. Akisema, Gergina analala wapi usiku huo? Alikuwa na ule uongo wa jirani mdomoni, tayari, na akafumbua mdomo autoe.

"Denka hakuandika kitu," sauti ikasema kutoka viti vya nyuma. "Niliandika mimi."

Watu wakageuka. Gergina alikuwa amesimama ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Kaa chini, Mama," Velichko akasema. "Hujui unachosema. Wamekulisha maneno."

"Hakuna aliyenilisha."

"Mama, waambie watu ni uongo. Sema tu hayakutokea, twende nyumbani, yaishe." Sasa hakuwa anafoka tena, alikuwa anamwomba.

"Ulikuwepo, mwanangu," Gergina akasema. "Ulikuwa unaongeza sauti ya televisheni."

Docho alishika kirungu chake cha kugongea akasahau kukigonga. Velichko alisimama na kofia mkononi, uso wake mkubwa umelegea, na kwa mara ya kwanza watu waliona amefanana na mama yake.

"Nilikuwa mtoto," akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikuweka jina. Ningeweka langu, wangeuliza na wewe ulikuwa wapi."

Lefterka alisikia hilo akakaa. Alidhani amefunua siri ya mwanamke mmoja. Kumbe mwanamke yule alikuwa ametafuta namna ya kusema kweli bila kumgusa mwanawe, akaipata, ya pekee aliyoipata katika umri wake wote, na yeye Lefterka akaivunja kwa methali moja ya kujionyesha. Sasa mji mzima ulikuwa unamtazama Velichko, na lile swali ambalo Gergina alilificha msimu mzima lilikuwa kwenye kila uso.

Docho akauliza kwa sauti ndogo nani anataka majina. Mikono michache ikainuka, mingine ikashuka njiani. Velichko, mwenye hoja, hakuinua mkono. Gergina alikuwa anatafuta kifungo cha koti lake na vidole havikukipata, na hakuna mtu pale ukumbini aliyejua kama amsogelee au amwache.